Mtoto Anapoumia Katika Ajali ya Basi la Shule: Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Anayewajibika

Ajali ya basi la shule inapotokea, swali la kwanza huwa ni nani alikuwa ameshika usukani, na kwa wengi swali hilo ndilo huwa la mwisho pia. Sheria ya fidia haiishii hapo. Humtazama kila mtu aliyekuwa na dhamana juu ya mtoto tangu alipopokewa mpaka alipokabidhiwa, kisha huuliza ni lipi ambalo kila mmoja alipaswa kulifanya na hakulifanya.

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba dereva akiwa amevunja agizo la mwajiri wake, basi mwajiri hana lawama. Ukweli ni kwamba mwajiri hubeba dhima ya uzembe wa mtumishi wake maadamu mtumishi huyo alikuwa katika kazi aliyoajiriwa kuifanya, hata kama aliifanya kwa namna iliyokatazwa. Msimamo huu ni wa zamani: mwaka 1862, huko London, kampuni ya mabasi ya kukokotwa na farasi ilijitetea kwamba ilikuwa imewapa madereva wake maagizo ya maandishi wasishindane na mabasi ya wapinzani wala kuyazuia, lakini utetezi huo haukuiokoa, kwa kuwa dereva aliyesababisha ajali alikuwa bado anaendesha basi la kampuni kwa shughuli za kampuni. Kwa hiyo shule inayomiliki basi na kumwajiri dereva haiwezi kujitoa kwa kuonyesha tangazo la mwendo lililobandikwa juu ya kioo.

Mambo huwa magumu zaidi basi linapokuwa la mkandarasi, na hapa dhana potofu ziko mbili zinazopingana. Wasimamizi wa shule hudhani kwamba mkataba wa usafiri huhamisha lawama yote, ilhali wazazi hudhani kwamba shule hulipia kila jambo linalompata mwanafunzi. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya Uingereza, katika shauri la mwanafunzi aliyeumia vibaya kwenye somo la kuogelea lililoendeshwa na mkandarasi, iliamua kwamba wajibu wa kumlinda mtoto katika shughuli za masomo haukomi kwa sababu tu kazi imekabidhiwa kwa wengine. Hata hivyo uamuzi huohuo uliwataja madereva wa mabasi kuwa miongoni mwa watu ambao uzembe wao kwa kawaida haubebwi na shule, kwa kuwa hawakukabidhiwa mamlaka juu ya mtoto. Katika hali hiyo dai kuu huelekezwa kwa kampuni ya usafiri na bima yake. Shule hubaki ikijibu kwa makosa yake yenyewe: kuchagua kampuni bila kuhakiki leseni na ukaguzi wa magari, kupuuza malalamiko ya mwendo kasi, au kuwapakia watoto wadogo bila mwangalizi. Kwa maoni yangu, mengi ya maswali muhimu kuhusu shule hujibiwa na makaratasi ya miezi iliyotangulia ajali kuliko na mchoro wa eneo la ajali.

Wapo pia wanaoamini kwamba dhima huanza na kuisha ndani ya basi. Mtoto anaweza kubanwa na mlango, kuanguka akiteremka, kugongwa na basi lenyewe akipita mbele yake mahali ambapo dereva hamwoni, au kusahauliwa ndani ya gari lililofungwa juani. Nchini Marekani majimbo yote huwalazimisha madereva wengine kusimama pale basi la shule linapowasha taa nyekundu za kumetameta, na anayelipita huwajibika. Lakini kosa lake halimsafishi dereva wa basi aliyemshusha mtoto mahali pasipofaa. Makabidhiano nayo yana uzito wake. Katika shauri lililoamuliwa Uingereza mwaka 1969, shule iliwaachia watoto dakika chache kabla ya saa iliyotangazwa, mama wa mtoto wa miaka 5 akawa hajafika, mtoto akaenda barabarani na kugongwa, na mamlaka ya elimu ikapatikana na hatia ya uzembe.

“Mtoto mwenyewe hakutulia” ni utetezi unaosikika mara kwa mara, ila mahakama hazimpimi mtoto kwa kipimo cha mtu mzima. Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilikataa mwaka 1966 kumgawia lawama msichana wa miaka 13 aliyevuka barabara baada ya dereva wa lori kumwashiria apite. Ujerumani, tangu mwaka 2002, imeweka kwamba mtoto ambaye hajatimiza miaka 10 hawajibiki kwa madhara ya ajali ya gari isipokuwa alikusudia, na sheria ya Ufaransa ya mwaka 1985 humlipa majeruhi wa chini ya miaka 16 bila kujali uzembe wake.

Fomu iliyosainiwa na mzazi kwamba shule “haitahusika kwa lolote” huogopesha kuliko inavyostahili. Uingereza, kwa mfano, hairuhusu biashara kujiondolea kwa maandishi dhima ya kifo au majeraha yatokanayo na uzembe. Vilevile, dereva kuachiwa huru katika kesi ya jinai hakuzuii kesi ya madai, kwa sababu ya kwanza hudai uthibitisho usioacha shaka, na ya pili hutosheka na uwezekano uliozidi nusu.

Kuhusu muda, ni kweli kwamba mara nyingi saa ya ukomo humsubiri mtoto. Uingereza miaka 3 ya kufungua dai huanza kuhesabiwa anapotimiza 18. Lakini asitokee mtu akatulia kwa hilo, kwani taasisi za umma huwa na taratibu zake: California hutaka taarifa ya dai la majeraha dhidi ya shule ya umma ndani ya miezi 6.

Jambo la mwisho ni malipo ya haraka yanayotolewa na bima. Mzazi hudhani kwamba akisaini na kupokea, shauri limekwisha. Uingereza, makubaliano juu ya dai la mtoto hayamfungi mpaka mahakama iyaridhie, na kuna sababu ya kitabibu: jeraha la sehemu ya mfupa inayoendelea kukua huweza kuonyesha ulemavu miaka kadhaa baadaye, na athari za jeraha la kichwa huweza kujitokeza pale masomo yanapokuwa magumu zaidi. Fedha zilizoridhiwa kwa kawaida hutunzwa chini ya uangalizi wa mahakama mpaka mtoto atimize miaka 18, na mzazi anayezihitaji mapema kwa matibabu au elimu yake huomba kibali cha hakimu.