Dhana potofu kuhusu kuchonga upinde wa mti

Ukiwasikia watu wakieleza namna upinde unavyotengenezwa, mara nyingi maelezo huishia hapa: kata tawi linalonyumbulika, likunje, funga kamba. Kifaa cha namna hiyo kitarusha mshale, hilo halina ubishi. Kitarusha siku mbili tatu, kisha kitalegea na kubaki fimbo iliyopinda. Dhana nyingi potofu kuhusu ufundi huu zinatokana na kuamini kwamba sifa ya upinde ni kupinda, ilhali karibu kila mti hupinda. Kinachotafutwa ni mti unaorudi ulikotoka, upesi, na kuendelea kufanya hivyo hata baada ya mishale elfu kadhaa.

Tukubaliane kwanza majina. Mgongo wa upinde ni upande unaotazama shabaha, tumbo ni upande unaomtazama mpigaji, na sehemu mbili zinazopinda juu na chini ya mshiko ni mikono. Upote ni ule uzi unaovutwa. Unapovuta, mgongo unanyooshwa na tumbo linabanwa.

"Mti mbichi ndio mzuri, unapinda kirahisi"

Unapinda kirahisi kweli, na hapo ndipo penye tatizo. Maji yaliyomo hulainisha nyuzi za mti, kwa hiyo ukivuta, zile za tumboni hubanwa na kubaki zimebanwa. Ukivua upote unakuta mikono imeinama kuelekea kwako na haitaki kunyooka. Upinde wa hivyo huanza kila mvuto ukiwa tayari umelegea, na mshale hutoka bila nguvu.

Mafundi hukausha mpaka unyevu ubaki kama asilimia 8 hadi 12. Kifaa cha kupimia si lazima. Weka gogo kwenye mizani kila wiki, andika uzito, na uzito ukiacha kushuka ujue mti umelingana na hewa ya hapo ulipo. Gogo lenyewe hupasuliwa kwa kabari mara tu linapokatwa, na ncha zake hupakwa nta, rangi au gundi siku hiyohiyo. Maji hutoka kwa kasi zaidi kwenye ncha kuliko ubavuni, na ukizubaa nyufa zitaanzia huko na kusafiri hadi katikati. Kukausha kupita kiasi nako kuna gharama yake, kwa kuwa mti mkavu mno hukatika ghafla bila kutoa onyo.

Wapo pia wanaotafuta tawi lililojipinda lenyewe mfano wa upinde, wakiona wameokoa nusu ya kazi. Kwa kweli wameanzia pale upinde uliochoka unapoishia. Fundi hupenda mti ulionyooka, au wenye ncha zilizoinama kidogo kuelekea shabaha, yaani kinyume kabisa na umbo linalochorwa kwenye picha.

"Bila mti fulani wa pekee huwezi kufika popote"

Dhana hii hulelewa na sifa za mti wa Taxus baccata, uliotumiwa kutengeneza pinde ndefu za Uingereza. Sifa hizo ni za haki. Mbao yake nyeupe ya nje huvumilia kunyooshwa, na moyo wake mwekundu huvumilia kubanwa, hivyo mti mmoja unakuletea mgongo na tumbo vilivyokwisha kupangwa. Meli ya kivita Mary Rose, iliyozama mwaka 1545 na kuinuliwa kutoka baharini mwaka 1982, ilikutwa na zaidi ya pinde mia moja za mti huo.

Lakini pinde za Holmegaard, zilizopatikana kwenye kinamasi huko Denmark mwaka 1944, zina umri wa takriban miaka 9,000 na zilichongwa kwa mti wa Ulmus, ambao hauna mpangilio huo. Waliozichonga waliifanya mikono kuwa mipana na bapa. Siri iko hapo. Mti usiovumilia sana hupewa upana zaidi ili mzigo ugawanywe kwenye nyuzi nyingi. Fraxinus na Maclura pomifera nayo ni miti yenye historia ndefu ya pinde, na kila mmoja hudai umbo lake. Anayelazimisha umbo la mti mmoja kwenye mti mwingine hulaumu mti, mimi humlaumu mchongaji.

"Mgongo ulainishwe kwa randa upendeze"

Hili ndilo linaloua pinde nyingi za wanaoanza. Mgongo ndio unaovutwa, na nyuzi zake zinatakiwa zitoke ncha hadi ncha bila kukatwa. Ukipitisha randa kwa unyoofu juu ya mti ambao nyuzi zake zina mawimbi, unakata zile zilizoinuka. Kila palipokatwa ni mlango, na siku upinde unapofika mvuto kamili, kibanzi huinuka hapo na mkono mzima huachia.

Kwa miti yenye pete za ukuaji zinazoonekana vizuri, fundi huchagua pete moja na kuifuata mgongo mzima, iwe imenyooka au ina vilima na mabonde. Kila pete ina tabaka gumu, na kati ya pete na pete kuna tabaka jepesi lenye vitundu. Kisu cha mikono miwili huondoa sehemu kubwa, lakini ukikaribia pete yako badilisha zana, shika kipande cha chuma cha kukwangulia. Sikiliza na utazame. Kwenye tabaka jepesi chuma hukwaruza kwa sauti kavu na kutoa unga wenye chembechembe. Ukigusa tabaka gumu sauti inazimika, chuma kinateleza, uso unang'aa. Simama hapohapo. Penye kifundo, pete huinuka na kukizunguka, na wewe inuka nayo. Usikikate hata kama macho yanakusumbua.

Miti mingi ya nchi za joto haionyeshi pete dhahiri. Kwa hiyo njia iliyo salama ni kuondoa gome tu na kuuacha uso wa chini yake kama ulivyo. Kazi yote ya kupunguza hufanyika tumboni na ubavuni.

"Ukiwa mgumu kuvuta, punguza popote"

Hapa kuna hesabu ambayo ni vizuri kuijua kabla ya kushika tupa. Ugumu wa mkono hubadilika sawasawa na upana, lakini kwa unene hubadilika kwa kipeo cha tatu. Chukua mkono wenye upana wa milimita 40 na unene wa milimita 18. Ondoa milimita 1 ya upana, unapoteza asilimia 2.5 ya ugumu. Ondoa milimita hiyohiyo kwenye unene, unapoteza karibu asilimia 16. Ndiyo maana mapito machache ya tupa sehemu moja ya tumbo yanaweza kuzaa bawaba, yaani mahali pamoja panapopinda kwa niaba ya mkono mzima.

Wengi huona mahali panapopinda sana na kuanza kupagusa. Acha hapo! Punguza kwa majirani zake wanaokataa kupinda. Funga upinde ukutani kwa mshiko, funga kamba kwenye upote na uipitishe kwenye kapi chini yake, simama mbali kidogo na uvute huku ukitazama mikono yote miwili ikishuka. Weka alama ya penseli palipo pagumu, teremsha, kwangua alama mpaka iishe, kisha vuta nusunusu mara 20 au 30 kabla ya kutazama tena, kwa sababu mti huchelewa kuonyesha ulichokifanya. Usivute kamwe kupita uzito unaoukusudia, yaani nguvu ya kuvuta inayosomwa kwenye mizani iliyofungwa kwenye kamba hiyo. Kama unataka upinde wa kilo 20, mizani ikisoma 20 simama, hata kama upote umeshuka sentimita 30 tu. Kuulazimisha zaidi ni kuuchosha kabla haujazaliwa.

Mengine kwa kifupi

Upinde mfupi si mwepesi kuchonga. Zile fupi za wapanda farasi zina pembe za wanyama tumboni na kano zao mgongoni. Mti mtupu hauwezi kujikunja kiasi hicho. Kwa mvuto wa sentimita 70 na mshiko usiopinda, urefu wa kama sentimita 165 ni mahali pa busara pa kuanzia.

Uzito mkubwa wa kuvuta si lazima ulete kasi. Pinde za Mary Rose hukadiriwa kuwa zilihitaji takriban kilo 45 hadi 84, lakini zilikuwa silaha za kurushia mishale mizito. Kwa upinde wa kawaida, ncha nene hula nguvu ambayo ingekwenda kwa mshale, kwa hiyo kuchonga ncha ziwe nyembamba huongeza kasi bila kugusa uzito.

Kuacha upote umefungwa usiku kucha "ili upinde uzoee" huuzoesha kulegea. Na kuvuta kisha kuachia bila mshale si mchezo wa kujaribia: nguvu zote zilizotakiwa kuondoka na mshale hubaki kwenye mikono, na wakati mwingine upinde huvunjika palepale.

Mwisho, mistari myembamba inayokatiza tumboni si mikwaruzo ya msasa. Ni nyuzi zilizopondwa kwa kubanwa kupita uwezo wake, na haziponi. Ukiiona mapema, lainisha majirani walio wagumu ili mpindo uhame, kisha punguza uzito wa upinde mzima. Upinde wenye mistari hiyo unaweza bado kutumika muda mrefu, kwa mvuto mfupi kidogo kuliko uliokusudia.