Kadi ya V30 haiipi PSP mbio

Jumamosi iliyopita kijana mmoja kutoka Katuba aliniletea PSP 3000, konsoli ya michezo ya mkononi ya Sony, kwenye meza yangu ya kazi katika komini ya Kenya (Kenya yetu ya Lubumbashi, si ile ya Nairobi). Aliweka kando yake kadi ya memori ya GB 128 iliyoandikwa V30, U3 na A2, akaniambia kwa heshima zote: "Yaya, kadi hii haina mbio, mchezo unakwamakwama. Nitafutie yenye namba kubwa kuliko hii." Alikuwa mteja wa nne mwezi huu kuniomba jambo hilo hilo. Watatu wa kwanza niliwaelewesha kwa mdomo hadi koo likanikauka. Kwa ajili yake na wa tano atakayekuja, naandika.

Namba zile si za uongo, ila hazisemi kile ambacho wateja wangu wanadhani zinasema. Alama ya C10, ya U1 na ya V10 zote zinaahidi jambo moja tu: kwamba kadi inapoandikwa mfululizo haitashuka chini ya megabaiti 10 kwa sekunde. U3 na V30 zinaahidi megabaiti 30. Tafadhali lisome tena neno "inapoandikwa". Ahadi hiyo ilitungwa kwa ajili ya kamera ya video, ambayo humwaga data bila kupumua na ambayo kadi ikisitasita kidogo tu, picha zinapotea. PSP inapochezesha mchezo haiandiki karibu chochote isipokuwa pale unapohifadhi ulipofikia. Muda wote uliobaki inasoma.

Je, inasoma kwa mwendo gani? Hapo ndipo ninapokosa subira, kwa sababu jibu limo ndani ya mashine yenyewe. PSP ilitoka Japani Desemba 2004, na michezo yake ilitengenezwa isomwe kutoka diski ya UMD, ambayo kwa uwezo wake wote hutoa takribani megabiti 11 kwa sekunde. Baiti moja ni biti 8, kwa hiyo ukigawanya kwa 8 unapata kama megabaiti 1.4. Watengenezaji wa michezo walijua kwamba hawatapata zaidi ya hapo, wakapanga kila kitu kulingana na hapo. Alama ya V ilianza kuandikwa kwenye kadi mwaka 2016, miaka kumi na miwili baadaye. Kuidai PSP itumie V30 ni sawa na kumwagia ndoo nzima ya maji mdomoni mwa chupa: chupa itapokea kiasi inachopokea, mengine yanakulowesha miguu. Tena kadi yenyewe haiingii moja kwa moja. Inapita kwenye adapta ya kuigeuza kuwa Memory Stick PRO Duo, nayo adapta ya bei ya chini ina tabia zake.

Kwa nini basi mchezo wa kijana ulikuwa unakwama? Nilifungua folda ya ISO mbele yake, nikamwonyesha kwamba faili lake halikuwa ISO (nakala ya diski isiyobanwa) bali CSO, yaani limebanwa ili lichukue nafasi ndogo. Faili la namna hiyo huilazimisha prosesa ifungue kila kipande kabla ya kukitumia, na prosesa ya PSP kwa kawaida hutembea megahezi 222 tu. Kwa hiyo mwenye kuchoka hakuwa kadi, alikuwa prosesa. Tulilirudisha faili kuwa ISO, tukapandisha prosesa hadi 333 kupitia menyu ya fimwea iliyofunguliwa (programu ya ndani ya mashine isiyo rasmi), na mkwamo ukapungua mno. Sisemi uliisha, kwa sababu penye video za katikati ya mchezo bado palikuwa na kusitasita, na adapta yake ilikuwa imelegea kiasi kwamba ukiibonyeza kwa kidole kadi inapotea kwenye menyu. Ni lipi kati ya hayo lililokuwa na lawama zaidi, siwezi kuapa.

Kuhusu A1 na A2 lazima nikiri kosa langu. A1 inaahidi usomaji mdogomdogo wa papo kwa papo usiopungua mara 1,500 kwa sekunde na uandishi mara 500. A2 inaahidi 4,000 na 2,000. Kwa muda mrefu niliwashauri watu walipie A2, nikiamini kwamba huo ndio usomaji unaofanana na wa michezo. Fikra haikuwa mbaya, lakini A2 hufikia namba hizo pale tu kifaa chenyewe kinapojua kuipangia kadi foleni ya maombi na kuitumia kashe yake, yaani hifadhi yake ya muda. Konsoli nilizozishika hazionyeshi kufanya hivyo, na kadi ya A2 ikiwekwa kwenye kifaa kisichojua mambo hayo yaweza hata kuzidiwa na A1. Waliolipa dola za ziada kwa ushauri wangu, naomba radhi.

Ukubwa nitaupitia haraka. GB 64 ikionyesha 59.6 hujaibiwa: mtengenezaji anahesabu kwa elfu, kompyuta inahesabu kwa 1,024. Fomati, yaani namna kadi inavyopangiwa mafaili, iwe FAT32, hata kwenye konsoli ya Switch ya Nintendo, ambako fomati ya exFAT ikikutana na programu zisizo rasmi ina sifa ya kuharibu data; faili linalofikia GB 4 litagawanywa. Kwenye 3DS, konsoli nyingine ya Nintendo, usivuke GB 128, vinginevyo vituko vinaweza kuanza. Kwa PSP, mchezo mkubwa kabisa hauzidi GB 1.8, kwa hiyo GB 64 ni maktaba ya mtu asiye na kazi.

Kinachostahili wasiwasi wako ni kadi ya uongo. Ile inayoitwa 1 TB na kuuzwa kwa bei ya chakula cha mchana imepangwa ndani idanganye: inajitangaza kuwa kubwa, na ukipita ukubwa wake wa kweli inaandika juu ya vya zamani au inatupa vipya kimyakimya. Mchezo wa kwanza unafunguka vizuri, wa thelathini haufunguki, na mteja anasema nimeharibu konsoli. Kwa macho siwezi kuitambua, hata baada ya miaka yote hii, kwani lebo zinachapwa vizuri. Naijaza yote kwa h2testw kisha programu inasoma tena ilichoandika. Nayo inathibitisha ukubwa tu, wala haikuhakikishii uhai: niliwahi kuuza kadi iliyopita mtihani bila kosa, ikarudi wiki ya tatu haisomeki.

Kadi ya GB 128 ikiandikwa kwa megabaiti 20 kwa sekunde inachukua karibu saa mbili, kabla ya kusomwa, na umeme ukikatika katikati naanza upya. Kwa hiyo usiilete saa kumi na moja jioni ukitaka kuondoka nayo. Kijana wa Katuba aliondoka na kadi yake ile ile na adapta mpya, na alipofika mlangoni aligeuka kuniuliza kama V60 nayo nikipata nitampigia.