Kanisa la magogo la Greensted: hadithi zake na ushahidi wa mti

Katika kijiji cha Greensted, kaunti ya Essex nchini Uingereza, kuna kanisa dogo la parokia, la Mtakatifu Andrea. Kuta zake ni magogo ya mwaloni yaliyopasuliwa katikati na kusimamishwa wima, yakibanana bega kwa bega. Wengi hulitaja kuwa kanisa la mbao kongwe kuliko yote duniani. Hadithi zinazolizunguka ni nyingi, na baadhi zinapingwa na magogo yenyewe.

Dhana: lilijengwa mwaka 845.
Tarehe hii ilitokana na uchunguzi wa zamani wa pete za mti, na bado inanukuliwa. Kila mwaka mwaloni hujiongezea pete moja, nene mwaka ukiwa mzuri, nyembamba ukiwa wa taabu. Wataalamu hulinganisha mfuatano huo na wa miti mingine ambayo miaka yake inajulikana. Tatizo ni kwamba fundi alipochonga gogo alitupa tabaka la nje, na pete za mwisho zikaenda nalo. Uchunguzi uliorudiwa miaka ya 1990 ulikuta pete changa kabisa iliyosalia ni ya 1053. Ukizihesabu na zilizochongwa, miti ilikatwa kati ya 1063 na 1108 hivi. Umri wake umepungua kwa zaidi ya miaka mia mbili, lakini kwangu mimi halijapungukiwa na kitu: ni mbao zilizostahimili mvua za Uingereza kwa karibu miaka elfu moja!

Dhana: maiti ya Mtakatifu Edmund ililala ndani ya kuta hizi.
Edmund, mfalme wa East Anglia, aliuawa na Wadenmaki mwaka 869. Simulizi inasema mwili wake ulipumzishwa hapa mwaka 1013, ulipokuwa ukirudishwa Bury St Edmunds kutoka London. Basi hesabu mwenyewe: mwaka huo mialoni hii ilikuwa bado msituni. Simulizi yenyewe si lazima iwe uongo, maana uchimbaji wa mwaka 1960 ulikuta chini ya sakafu ya madhabahu alama za majengo ya mbao ya zamani zaidi. Kisichowezekana ni kuta hizi.

Dhana: tundu la ukutani lilikuwa la wagonjwa wa ukoma kufuatilia ibada wakiwa nje.
Makanisa mengi ya Uingereza yana tundu linaloitwa la wakoma, na jina hilo lilienezwa sana karne ya 19. Wagonjwa wa ukoma walikuwa na nyumba zao zenye makanisa yao, kama ile ya Harbledown karibu na Canterbury, iliyoanzishwa mnamo 1084. La Greensted huenda lilikuwa pa kuwekea maji ya baraka.

Dhana: kanisa zima ni la enzi hizo.
Hapana. Sehemu ya madhabahu ni ya matofali, ya mnamo 1500. Kengele imeandikwa 1618. Paa lilifanywa upya katika ukarabati ulioanza 1848, na wakati huohuo ncha za chini za magogo, zilizokuwa zimeoza, zilikatwa na kuegemezwa kwenye msingi wa matofali. Kilichobaki cha kale ni magogo 51 ya ukumbi wa waumini. Kwa nje yana mviringo kama mti ulivyoota. Ndani yamesawazishwa, na alama za tezo bado zinaonekana.