Ruzuku ya utafiti imfikie anayeanza

Ukipita karibu na korona, mashine ya kutenganisha nyuzi na jani la mkonge, wakati wa uchakataji, Hale au kwingineko huku Tanga, harufu ya mabaki ya mkonge inakupokea kabla hujaona lundo lenyewe. Nyuzi ni kama asilimia 4 tu ya uzito wa jani. Kinachobaki ni maji na nyama ya jani, na humo ndimo bayogesi ya kuzalisha umeme inamotoka. Mimi ni mtu wa bayogesi, na kila nikizungumzia ruzuku naulizwa: kwa nini kodi ya wananchi imlipie mfanyabiashara utafiti?

Kwa sababu matunda ya utafiti hayabaki kwake. Mwaka 2006 watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walichapisha matokeo kwamba mabaki ya nyuzi yakikatwa hadi milimita 2 hutoa methani, gesi inayowaka katika bayogesi, zaidi kwa asilimia 23. Leo yeyote mwenye tangi la bayogesi anaweza kutumia ujuzi huo bure. Kampuni ingegharamia jaribio hilo peke yake, washindani wangevuna bila kulima. Ndiyo maana kampuni nyingi hazigusi kabisa utafiti wa namna hii.

Lakini si kila ruzuku ina nguvu sawa. Mwaka 2017 mchumi Sabrina Howell alichapisha uchunguzi wake kuhusu ruzuku za Wizara ya Nishati ya Marekani kwa kampuni ndogo. Awamu ya kwanza, dola 150,000, iliongeza karibu mara mbili uwezekano wa kampuni kupata wawekezaji, na hataza (haki za kumiliki uvumbuzi) na mapato vilipanda. Awamu ya pili, dola milioni 1, haikuleta tofauti kubwa. Walionufaika zaidi ni wale wenye ukata, na fedha iliwasaidia kwa kuwawezesha kuunda mtambo wa majaribio.

Hilo nalielewa vizuri. Maji ya mkonge yana asidi, na vijidudu vinavyotengeneza methani haviipendi. Nyuzi fupi huelea, zikafanya utando mgumu juu ya tangi. Benki haikopeshi kwa maelezo ya mdomo. Inataka kuona tangi dogo likifanya kazi kando ya korona msimu mzima, mvua na kiangazi.

Kwa hiyo COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, na wafadhili wengine wakiwa na fungu la nishati, naomba waligawe kwa wengi, kidogokidogo na mapema, na malipo yatoke kabla tangi halijajengwa. Kijana wa Muheza hana fedha ya kutanguliza akisubiri kurudishiwa.