Vuli huanzia chini ya ziwa

Kila Oktoba, mvua za kwanza zikianguka Kisumu, wazee wa ufuo wa Dunga huniuliza swali lile lile: "Mwanangu, samaki wamepanda?" Huwajibu kwamba ndiyo, wazee wangu, wamepanda, lakini walianza safari kabla ya wingu la kwanza. Kazi yangu ni kupima maji ya Ghuba ya Winam, huku upande wa Kisumu wa Ziwa Victoria, na nikiambiwa niwape wavuvi jambo moja tu la msimu huu, nitawaeleza kinachotokea huko chini.

Huku kwetu ikweta majani hayapukutiki na siku hazifupiki. Mwaka wa Ziwa Victoria hugawanywa na upepo. Kuanzia Juni hadi Agosti, ule upepo wa kusini-mashariki ambao ndugu zetu wa pwani huuita kusi hutufikia ukiwa mkavu. Hupoza maji ya juu, yakawa mazito, yakazama, na ziwa lote likakorogeka. Oksijeni hufika hadi vilindini, hata penye mita 70. Majira hayo mbuta, yaani sangara, hutawanyika popote apendapo.

Septemba upepo hulegea. Jua nalo huwa wima juu ya ikweta tarehe 22 au 23, likayapasha joto maji ya juu. Maji hayo huwa mepesi, yakakaa juu ya yale ya baridi bila kuchanganyika nayo. Tofauti ya digrii moja au mbili yatosha kabisa, maana maji yenye joto kama letu hubadilika uzito kwa kitu kidogo sana. Basi tabaka la chini linafungiwa. Mwani uliokufa huzama na kuozea humo, uozo unamaliza hewa, na kadiri tunavyoelekea mwaka mpya ndivyo sehemu isiyo na hewa inavyopanuka. Mbuta havumilii hewa haba, kwa hiyo husogea juu na kukaribia kando. Mvuvi anayeacha nyavu zake kwenye kina kile kile cha Julai atavuta wavu mtupu na kudhani samaki wote wamehamia Uganda.

Hayo ni ya ziwa kuu, nje ya mlango wa Rusinga unaounganisha ghuba na ziwa. Ghuba ina tabia yake. Upande wetu wa Kisumu maji ni mafupi, hivyo matabaka hujitokeza mchana na mara nyingi huvunjika usiku. Tena maji yamejaa mwani. Nikishusha ile sahani nyeupe ya kupimia uangavu, hupotea machoni kabla ya kufika mita moja. Ukivuka Rusinga unaifuata kwa macho mbali zaidi. Mchana mwani hutoa oksijeni tele. Usiku mwani huo huo huivuta, pamoja na samaki, pamoja na tope, mpaka karibu na mapambazuko inapobaki kidogo kuliko wakati wowote.

Sasa ongeza vuli. Mto Nyando na Sondu Miriu inashusha udongo na mbolea ya mashamba. Mawingu yanatanda siku mbili tatu, mwani unakosa jua. Halafu usiku mmoja unavuma upepo mkali unaokoroga tope la chini, na maji yaliyokosa hewa yanapanda juu.

Novemba moja nilipigiwa simu alfajiri na mfugaji mwenye vizimba vya ngege, yaani sato. Samaki wake walikuwa wakielea matumbo juu, naye alikuwa na hakika kwamba jirani amemwaga sumu. Saa kumi na moja kifaa changu kilisoma chini ya miligramu 2 za oksijeni kwa lita. Ngege huanza kutaabika ikishuka chini ya 3. Saa sita mchana, pale pale, kipimo kilikuwa kizuri. Hapo ndipo ugomvi mwingi huzaliwa: watu hupima jua likiwaka, wakakuta maji hayana kasoro, wakaanza kutafuta mchawi. Mimi hutazama ni nani amekufa na nani amebaki. Ziwani, nje ya vizimba, mbuta hutangulia kufa. Kamongo na mumi, yaani kambale, hubaki, kwa sababu huvuta hewa ya juu. Sumu kwa kawaida haibagui hivyo.

Kwa hiyo, wenye vizimba, siku za mawingu punguzeni chakula, na jioni msilishe kabisa. Pandeni vifaranga wachache kwa kila kizimba. Na msiviweke kwenye kona zilizotulia ambako gugumaji hujikusanya. Tafuteni maji ya kina yanayotembea.

Kuna samaki ambao wazee wako sahihi juu yao kabisa. Ningu husubiri mvua kweli: mto ukifurika hupanda kwenda kutaga mayai, na mumi vilevile huingia kwenye nyasi zilizofunikwa na mafuriko. Ningu alikuwa chakula cha kila nyumba huku kabla nyavu zilizoziba midomo ya mito hazijammaliza, na kufikia miaka ya 1950 alikuwa ameshapungua vibaya. Bado nakutana na nyavu hizo Novemba, na zinaniumiza moyo.

Omena, yaani dagaa, yeye hufuata mwezi, vuli au kiangazi. Usiku wa giza huja kwenye taa, zamani karabai na sasa balbu za sola. Mwezi ukiwa mpevu hutawanyika, na boti hupumzika. Lakini vuli ina hatari yake kwa wavuvi wa omena. Usiku upepo wa nchi kavu huteremka kutoka pande zote na kukutana katikati ya ziwa, hewa yenye unyevu ikainuliwa, na dhoruba ikazuka wakati nyavu ziko majini. Sikilizeni utabiri wa ziwa wa Idara ya Hali ya Hewa kabla ya kutoka, vaeni majaketi ya kuokoa maisha tangu ufuoni, na umeme ukianza kumulika upande wa ziwa kuu, kusanyeni taa mrudi.

Mimi nitakuwa Dunga na kifaa changu kila alfajiri hadi Desemba. Mwenye vizimba aje kabla jua halijachomoza, tupime pamoja.