Je, wajua? Umri wa chupa ya tangawizi umo mdomoni

Chukua chupa ya kioo ya Stoney Tangawizi, ile ya kurudisha dukani, uipitishe kidole gumba ubavuni kuanzia kitakoni. Utagusa mstari mwembamba uliotokeza kidogo, kama mshono wa shati. Ufuate. Unapita begani, unapanda shingoni, unafika hadi juu kabisa mdomoni. Hapo ndipo vipande viwili vya kalibu ya chuma vilipokutana wakati kioo kikiwa bado cha moto.

Mkusanyaji wa chupa za kale akishikishwa chupa ya soda ya tangawizi, hasomi maandishi kwanza. Anautafuta mshono huo, na swali lake ni moja: umekomea wapi?

Anauliza hivyo kwa sababu chupa hizi aghalabu hazina tarehe. Lebo ya karatasi ilishaoza ardhini zamani. Kilichobaki ni kioo, pengine na jina la mtengenezaji lililotokeza ubavuni, na umbo. Na umbo, ingawa ndilo linalomvutia kila mtu, ndilo shahidi wa kuaminiwa kidogo kuliko wote.

Chupa zinazosakwa sana ni zile zenye kitako cha duara, ambazo ukiziweka mezani zinaanguka na kubiringika. Nyingi zilitoka Belfast, Ireland, katika nusu ya pili ya karne ya 19. Tabibu na mwuza dawa wa huko, Thomas Joseph Cantrell, ndiye anayetajwa mara nyingi kuwa mwanzilishi wa soda hii katika miaka ya 1850, na kampuni yake ya Cantrell & Cochrane ikaisambaza mbali. Lakini kampuni ya Grattan, ya mji huohuo, nayo iliandika kwenye chupa zake kwamba yenyewe ndiyo mtengenezaji wa asili. Ugomvi wa nani alitangulia umebaki kwenye kioo mpaka leo.

Kwa nini chupa isiyosimama? Kwa sababu ya kizibo. Kabla ya vizibo vya bati, chupa zilizibwa kwa kipande cha gome la mti, lile jepesi linaloelea majini. Gome likikauka husinyaa, gesi ikatoroka, na soda iliyosafiri majuma kadhaa baharini ikafika imepooza. Chupa isiyoweza kusimama ililazimika kulazwa, kinywaji kikakilowesha kizibo muda wote, nacho kikabaki kimevimba na kubana. Wazo hilo lilikuwa na hataza tangu 1809, ya William Hamilton wa Dublin, kwa chupa zilizochongoka kama yai. Mezani, wenye uwezo walikuwa na vishikio vyake maalumu vya kuizuia isibiringike.

Utasikia pia kwamba chupa hizo zilikuwa farumi, yaani uzito wa kutuliza jahazi lisiyumbe. Hadithi tamu, ila mimi siinunui. Zilisafiri zikiwa zimejaa, tena zikilipiwa nauli. Anayetaka farumi anapakia mawe.

Sasa mtego wenyewe: kitako cha duara hakikufa pale kizibo cha gome kilipokufa. Wateja walishazoea kwamba soda nzuri ya tangawizi huja na chupa ya namna hiyo, na viwanda vya Marekani vikaagiza chupa za duara ili bidhaa zao zionekane kama zimeshuka melini kutoka Belfast. Neno Belfast lenyewe likawa jina la mtindo. Zipo hata chupa za duara zenye mdomo wa kizibo cha bati, jambo lisilo na maana yoyote kiufundi, maana kizibo cha bati hakihitaji kuloweshwa. Kwa hiyo umbo litakwambia ndani mlikuwa na nini. Lini, halijui.

Turudi mdomoni. Zamani mpuliza kioo alipuliza chupa ndani ya kalibu kwa bomba refu, kisha akaikata kutoka kwenye bomba. Shingo ilibaki wazi, na mdomo ukatengenezwa baadaye kwa mkono. Njia ya kwanza ilikuwa kuizungushia shingo pete ya kioo cha moto. Chupa ya namna hiyo mshono wake hupanda na kukatika ghafla chini ya pete, na ukitazama kwa makini utaona mahali kioo cha pete kilipomwagikia shingoni, kama uji uliofurika sufuriani. Njia iliyofuata ilikuwa kuipasha shingo tena na kuzungusha kifaa kilichoufinyanga mdomo kutokana na kioo kilekile. Kifaa kilifuta mshono kilipopita, ndiyo maana kwenye chupa hizo mshono hufifia taratibu shingoni badala ya kukatika. Kisha ikaja mashine ya Michael Owens wa Toledo, Ohio, iliyokamilika mwaka 1903. Mashine iliumba mdomo ndani ya kalibu pamoja na chupa nzima, na mshono ukapanda hadi juu, kama kwenye Stoney yako.

Kwa chupa za Marekani, basi, mshono unaokatika ghafla chini ya pete kwa kawaida ni wa kabla ya katikati ya miaka ya 1880 au karibu na hapo. Unaofifia hufika hadi miaka ya 1910. Unaofika juu kabisa ni wa kuanzia karne ya 20. Uingereza na Ireland walichelewa kuziacha njia za mkono, kwa hiyo anayechukua kipimo cha Marekani na kukibandika kwenye chupa ya Belfast anaweza kuizeesha miaka mingi bure.

Aina ya kizibo nayo husaidia. Mdomo wenye ukingo mwembamba wa kushika bati hauwezi kutangulia 1892, mwaka ambao William Painter wa Baltimore alipata hataza ya kizibo cha bati chenye meno. Ndicho hichohicho tunachokitumia. Kile cha kwanza kilikuwa na meno 24. Hesabu cha soda yako ya leo, utapata 21.

Rangi ni shahidi mwenye hila. Kijanibluu hafifu cha chupa nyingi za Belfast ni chuma kilichomo kwenye mchanga, na kilitumika miaka mingi mno kuwa na maana. Kioo cheupe kinachogeuka zambarau kina habari zaidi: viwanda vilitia manganizi kuondoa ule ukijani, na manganizi ikipigwa jua miaka mingi hugeuka zambarau. Mtindo huo ulishamiri kuanzia miaka ya 1880 hadi Vita vya Kwanza vya Dunia. Tatizo ni kwamba siku hizi kuna wauzaji wanaozichoma chupa kwa mionzi ili ziive zambarau kwa siku chache. Ikikolea kupita kiasi, shuku.

Kwa chupa za mashine, geuza kitako. Kampuni ya Owens-Illinois, iliyoundwa 1929, ilipiga alama ya almasi na duara, herufi I katikati. Tarakimu ya kushoto ni kiwanda, ya kulia ni mwaka, lakini ni tarakimu moja tu! Umekuta 2. Je, ni 1932 au 1942? Tazama ubavuni: kama jina la soda limechorwa kwa rangi iliyochomwa juu ya kioo, mbinu iliyoingia sokoni karibu na 1934, basi ya 1932 haiwezekani. Ni 1942. Hoja kama hii ndiyo raha yenyewe ya kazi hii. Chupa haiwezi kuwa na umri mkubwa kuliko kitu chake kipya kuliko vyote, hata kama vingine vyote ni vya kizee. Kwa sababu hiyohiyo, mwaka wa hataza ulioandikwa kwenye kioo si mwaka wa kuzaliwa chupa. Unakwambia tu kwamba haikuzaliwa kabla ya hapo.

Likibaki jina tu, wakusanyaji wanakwenda kwenye makaratasi. Miji ya Marekani na Uingereza ilichapisha vitabu vya anwani za wakazi na biashara, vingi vikitoka kila mwaka. Mkusanyaji hupekua mwaka baada ya mwaka: muuza soda huyu hayumo, hayumo, ametokea, amehamia mtaa mwingine, ameongeza "na Wanawe", ametoweka. Chupa yenye jina bila "na Wanawe" imekwisha kubanwa ndani ya miaka michache, pasipo maabara wala mtaalamu.

Na nyingine hupatikana wapi? Vyooni. Vyoo vya shimo vya karne ya 19 ndivyo vilivyokuwa pia jalala la nyumba, na wachimbaji wa Marekani huvitafuta kwa ramani za zamani za kampuni za bima ya moto, zilizochora kila jengo na kibanda. Mashimo yameshakuwa udongo mtupu. Unachimba tabaka kwa tabaka, chupa ya juu kijana, ya chini mzee, na sarafu iliyomdondoka mtu akiwa amechuchumaa ina mwaka wake.