Amplifaya tuifunge wapi kwenye buti?

Wadau, watu wengi wanakuja gereji amplifaya ishanunuliwa Kariakoo, iko kwenye mfuko, swali ni moja tu: fundi, hii tunaifunga wapi? Na wengi wana jibu lao tayari, juu ya boksi la sabufa, maana waya unakuwa mfupi na ukifungua buti washkaji wanaiona. Mi hapo siifungi, na ukiona nimefunga ujue mwenye gari kaning'ang'ania mpaka nimechoka.

Shida ni mtikisiko. Sabufa ya inchi 12 ikipigwa kisawasawa lile boksi zima linatetemeka, na ndani ya amplifaya kuna koili na kapasita nzito zimeshikiliwa na risasi ya kulehemu tu kwenye bodi. Taratibu ile risasi inapata nyufa, muziki unaanza kukatakata na mtu anadhani spika imekufa. Skrubu nazo zinalegea, na zinazobana waya wa umeme ndo mbaya zaidi kwa sababu waya uliolegea unachemka. Halafu ukitoboa boksi vibaya linavujisha hewa, besi yenyewe uliyoitafuta inapungua. Zipo zilizokaa juu ya boksi miaka na bado zinapiga, sibishi, ila mimi ndo naletewa zile ambazo hazipigi.

Kitu cha pili ni joto, na hapa inabidi ujue una amplifaya ya aina gani. Klasi AB, ambayo wengi tunaipenda kwa spika za milangoni, ukiisukuma karibu nusu ya umeme inaokula inaishia kuwa joto. Klasi D inapeleka kama asilimia 80 na zaidi kwenye spika. Kwa hiyo klasi D ikitoa wati 500 za kweli, sio zile 5000 zilizoandikwa kwenye kasha, inatupa joto la wati mia na kitu, wakati AB kwa kazi hiyohiyo inaweza kufika 400. Yaani ni kama umeacha pasi ndogo inawaka ndani ya buti lililofungwa, na gari yenyewe imeshinda juani. Ndo maana siipendi ile staili ya kuigeuza kichwa chini na kuining'iniza chini ya rafu ya nyuma, joto linapanda juu linarudi kulekule lilikotoka, mwishowe inazima yenyewe katikati ya wimbo taa nyekundu inawaka. Acha nafasi ya vidole vitatu kila upande na usiifunike na kapeti.

Sasa wapi? Kwenye gari nyingi chaguo langu la kwanza ni mgongo wa siti ya nyuma. Nakata plaiwudi ya milimita 12, naivalisha kapeti la rangi ya buti, ubao ndo unafungwa kwenye siti na amplifaya inafungwa kwenye ubao. Hewa inapita, mzigo unakaa chini bila kuigusa, na vinobu vya gein, vile vya kuoanisha amplifaya na sauti inayotoka kwenye redio, unavifikia bila kutoa kitu. Ila angalia urefu wa skrubu, kule mbele ya bati ni sponji na mbele ya sponji ni mgongo wa abiria. Na kama siti inalala, kama ilivyo kwenye Toyota IST, waya uachiwe ulegevu wa kutosha siti ikilazwa usivutwe, na ubao usivuke pale siti inapogawanyika, maana ukivuka hulazi tena upande mmoja.

Pembeni, pale nyuma ya tairi, nako kuzuri kwa klasi D ndogo. Chagua upande usio na kifuniko cha mafuta, kwa sababu upande ule bomba la kujazia linapita ndani ya bodi. Pia pitisha mkono kwa chini, ukikuta unyevu ujue mpira wa taa ya nyuma unavujisha, na hilo limalizwe kwanza.

Kwenye shimo la spea mi sishauri sana. Inapendeza, unaweka sakafu ya juu na kioo na taa za bluu, lakini spea inaenda wapi? Upate pancha usiku njia ya Chalinze ndo utanielewa. Halafu maji yote ya buti yanakimbilia humo.

Siku ya kazi usianze na drili. Kata kadibodi ya saizi ya amplifaya, ongeza sentimita kumi kila upande unaotoka waya, ibandike pale unapotaka, halafu pakia mzigo wako wa kawaida, kiroba, mtungi wa gesi, begi la mtoto, uone. Ukiridhika ingia chini ya gari na tochi kabla hujatoboa, tangi na mabomba ya mafuta na ya breki yanapita hukohuko.

Ethi, yaani waya wa hasi unaofungwa kwenye bati la gari, iwe fupi, isizidi nusu mita, na unene uleule wa waya wa chanya unaotoka kwenye betri. Kwangua rangi mpaka bati ling'ae, funga na bolti na nati, kisha paka grisi au rangi juu, hapa pwani kutu haichelewi. Bolti ya mkanda wa siti usiiguse kabisa. Waya wa chanya upite upande mmoja wa gari, waya za RCA, zile zinazoleta sauti kutoka kwenye redio, upande mwingine, la sivyo utasikia mluzi kila ukikanyaga mafuta. Fyuzi ikae karibu na betri, ndani ya sentimita 45, maana inalinda ule waya unaopita gari nzima.

Wenye Prius ya zamani, zile za kizazi cha pili na cha tatu, betri ya volti 12 mnayo hukohuko kwenye buti upande wa kulia, kwa hiyo waya unakuwa mfupi raha. Lakini nyuma ya siti ndo lilipo betri kubwa la volti 201.6, kwa hiyo ule ubao wangu hapo haupo. Waya wa rangi ya chungwa, ule wa umeme wa betri kubwa, usisogelewe, na lile tundu la hewa pembeni ya siti ya nyuma lisizibwe, betri inapumulia pale.

Ukimaliza kufunga piga muziki nusu saa, zima, shika amplifaya halafu shika pale waya unapoingilia. Kama kwenye waya kuna moto kuliko amplifaya yenyewe, hiyo skrubu haijabana, rudi na bisibisi.